Watoto: Hakuna

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko kazini? Sisi wazima, ila mguu wangu wa kushoto ndio bado mkaidi.

Kuna jambo limetushangaza. Amekuja bwana mmoja kutoka wilayani, kashika karatasi za sensa, anasema kijiji chetu hakina mtoto hata mmoja wa chini ya miaka saba. Hata mmoja! Na anasema hayo huku watoto wamemjaa pale wanamchezea pikipiki yake. Kwa hiyo darasa la watoto wadogo linafungwa, mwalimu anahamishwa mwisho wa mwezi. Tena karani wa kutuhesabu hatukumwona kabisa. Siku ile tulishinda majumbani tukimngoja. Wewe uko ofisi hiyohiyo. Mtafute huyo mpumbavu, mwambie Mama anasema macho si pambo.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, kazi nyingi tu. Pole na mguu. Hilo la sensa nimelisikia, nalifuatilia. Mambo ya ofisi yana taratibu zake, msiwe na haraka.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mwalimu ameondoka. Watoto sasa wanavuka mto kwenda shule ya ng'ambo, na juzi mtoto wa jirani alisombwa na maji, bahati yake akanasa kwenye matete. Amepona, lakini haongei. Mimi nimemwambia kila mtu kuwa mwanangu yuko wilayani, hili litakwisha. Siku hizi wananiamkia kwa heshima, utadhani mimi ndiye mkuu wa wilaya!

Mama yako

2 Mei

Shikamoo Mama,

Sijui nianzie wapi. Naomba ukae kwanza.

Mpumbavu ni mimi. Kijiji chetu nilipangiwa mimi. Mvua ilikuwa kubwa, zimebaki siku mbili, nikajiambia: ya nini kupanda milima kwenda kuhesabu watu ninaowajua nyumba kwa nyumba? Nikakaa mezani nikawajaza kwa kichwa. Niliandika wote niliowaacha, kila mmoja nikamwongezea miaka saba. Waliozaliwa baada ya mimi kuondoka sikuwajua, basi sikuwaandika. Mama, hata marehemu Baba nilimwandika, ndipo nikakumbuka nikamfuta.

Naona aibu. Barua yako nilikaa nayo siku nyingi, nikimfikiria yule mtoto. Jana nimemweleza mkuu wangu yote kwa maandishi. Nimefukuzwa kazi. Nitabaki hukuhuku, huko nyumbani sina uso wa kuonyesha.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimesomewa na jirani, mama wa yule mtoto wa mtoni. Alipofika "mpumbavu ni mimi" akanitazama, kisha akaendelea mpaka mwisho. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye ndiye anayeniandikia hii pia.

Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na mguu huuhuu. Wengine walinipa kiti, wengine walifunga mlango, wala sikuwalaumu.

Jumamosi wanakuja kutuhesabu upya. Karani mpya ametangaza kuwa ataandika kila aliyelala hapa kijijini usiku wa Ijumaa. Huyu anayeandika amesema nikwambie hajakusamehe. Na mimi bado. Njoo ulale.

Mama yako