Mbuzi Wote Niliwarudisha

Mzee,

Ni mimi, dereva wako. Leo wamekutoa Scarborough, huku ughaibuni, na kwa mara ya kwanza umesafiri bila kuniuliza kama kuna mafuta.

Yule waziri uliyemfungulia kesi ya wizi wa saruji ya hospitali, kesi iliyotukimbiza mpaka huku kwenye baridi, sasa amekalia kiti chako. Ndiye mkuu wa kupambana na rushwa. Usicheke, jeneza ni jembamba. Aliposikia umefariki alimpigia mkeo, Mama Amani, akalia kwenye simu mpaka tukaanza kumbembeleza. Akaahidi: serikali italeta ndege, bendera, gwaride, kaburi la marumaru. Wasifu wako atausoma yeye mwenyewe.

Nilimkumbusha Mama sheria ya nyumba yenu: zawadi hutoka kwa mlango ule ule ilioingilia. Tangu ubunge hadi uwaziri hadi cheo kile cha mwisho, kukuendesha ilikuwa kazi ndogo. Kazi yangu ilikuwa kurudisha mbuzi. Unamkumbuka yule wa bwana wa forodha? Nilimpeleka asubuhi, amekaa nyuma, mahali pako, na askari wa kizuizi cha barabarani akampigia saluti. Jioni wakaleta wawili. Walidhani yule wa kwanza ulimwona amekonda.

Mama hakucheka. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu yake ya kutunza wazee, viatu vya kazi bado mguuni. Akaniambia, "Uadilifu wake nimeupika miaka yote, Baba Neema, haukuwahi kuiva. Niache nimzike." Wanao wakaongeza jambo kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kwenye basi, lakini "tumechoka" nilielewa.

Kanisa lilikuwa tayari kukutafutia kaburi huku huku, Pickering, lakini Pickering hakuzikwa mama yako, na ulitaka kulala karibu naye. Hilo nalo watu wa serikali walilijua.

Siwezi kukuahidi haki, Mzee. Nimeitafuta, siioni. Ila jana walinipigia na mimi: eti ubalozini kuna kazi ya udereva, ahsante ya kukutumikia. Hiyo nitairudisha, njia naijua.

Lala basi, hotuba usiisikilize. Zawadi zao zote nilizifikisha kwa wenyewe. Hii moja imenishinda, kwa sababu wewe umo ndani.