Mashimo Mawili ya Pembeni

Jumamosi

Mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu: Tonton Gaspard, mjomba wangu, anapofyatua bunduki, mimi hufumba macho. Na kazi yangu ni kuangalia kwa darubini risasi imepiga wapi!

Tonton hujaza mwenyewe baruti kwenye maganda ya risasi zake. Leo uwanjani alijaribu vipimo vitatu vya baruti, risasi tatu kwa kila kipimo. Mimi nikatia karatasi za shabaha kwenye faili langu la shule.

Nyumbani akazikagua. “Numéro deux ni mubaya kabisa! Moja mu katikati, mbili inakimbia kule pembeni. Bon, kesho kwa kuwinda nguruwe nabeba trois. Weye uliona namna gani?”

Mifuko ya plastiki ya faili ilikuwa imebaki miwili tu, kwa hiyo karatasi ya namba mbili niliitoboa kwa mashine ya kutobolea karatasi. Mashimo ya pembeni ni yangu. Kwa hiyo risasi zote tatu zilipita tundu moja la katikati.

Kipimo cha tatu, kisicholenga vizuri kama hicho, kingeweza kumjeruhi nguruwe tu, akatoroka na maumivu yake msituni. Hilo lilinitisha kuliko aibu.

Nikaleta mashine, nikatoboa karatasi nyingine mbele ya tonton, nikaiweka juu ya ile. Mashimo yakalingana. Halafu nikamwambia habari ya macho.