Nilitangaza Kanisani Kwamba Mume Wangu Amepona Macho

Dada Dorothea mpendwa, nisomee mpaka mwisho, maana furaha na hofu vimekaa pamoja kifuani mwangu. Nimeolewa mwezi wa tano na kijana nitakayemwita Sadock, tunaishi mji wa Mesquite huku ughaibuni, na dada, nikimwona anakunja mikono ya shati tu moyo unaruka, ana macho makubwa yenye kope ndefu, na siku ya harusi ni mimi niliyemwomba avue miwani ili picha ziyapate macho hayo. Haoni mbali tangu shule ya msingi, tena kazi yake ni ya kompyuta kule mji wa Richardson, jioni alikuwa anarudi macho mekundu, yanawasha, kichwa kinamgonga. Basi nikampeleka kwa mama mmoja wa Kichina anayeuza dawa za asili za kwao, akatupa maua makavu ya njano na vitunda vyekundu vya kuchemsha kama chai, akanifundisha kumbonyeza taratibu kwenye nyusi na pembeni mwa pua, na hizo ndizo dakika tamu kuliko zote za ndoa yangu, analaza kichwa mapajani kwangu, anafumba macho, nambonyeza huku tunacheka. Baada ya wiki chache wekundu ukapungua, kichwa kikaacha kuuma, akaniambia, "Mke wangu, una mikono ya malaika."

Sifa ile ikanipanda kichwani. Jumapili, wakati wa ushuhuda katika ibada yetu ya Kiswahili, nikashika kipaza sauti nikasema Mungu ametumia chai na mikono yangu kumponya mume wangu macho, vigelegele vikalipuka, mchungaji akamwita Sadock mbele, naye kwa kunipenda akavua miwani, akaitia mfukoni, akapunga mkono.

Tangu siku hiyo havai. Nikimuuliza anasema, "Nikiivaa watasema mke wangu muongo. Acha nizoee." Juzi akiendesha gari barabara kuu alikaribia kuipita njia yetu ya kutokea, akakata kona ghafla, lori likatupigia honi mpaka nikapiga kelele. Nikamuuliza, "Hukuona kibao?" Akacheka, "Nilikuona wewe, inatosha." Nami nikacheka, dada, halafu tulipofika nyumbani nikajifungia bafuni nikalia. Sasa Mama Whitney, muumini mwenzetu, amesema hamnunulii binti yake miwani mipya, anasubiri chai yangu. Nikisema ukweli nitamwaibisha mume wangu na nitaonekana nimekana uponyaji. Nifanyeje?

Bibi harusi, Mesquite

Bibi harusi, hongera. Nilikuwa natabasamu hadi nilipofika kwenye lori. Mtu asiyeona kibao cha barabara kuu ameshika usukani, na wewe unahesabu kope zake!

Macho kuchoka na kutoona mbali ni mambo mawili. Macho yaliyochoshwa na kompyuta hupata nafuu yakipumzika, na huenda kule kufumba macho mapajani kwako ndiko kulikofanya kazi kuliko maua. Kutoona mbali kunatokana na umbo la jicho lenyewe, na hakuna chai iliyothibitishwa kulibadili. Je, yule mama wa Kichina alikuambia miwani iwekwe mfukoni? Hukuandika hivyo. Hilo uliliongeza mwenyewe.

Unaogopa kukana uponyaji. Kichwa chake kimeacha kuuma, shukuru kwa hilo bila aibu. Lakini kushuhudia ni kusema lililotokea, na hilo la macho halikutokea.

Mpigie Mama Whitney leo, usingoje Jumapili, binti yake anunuliwe miwani aone ubao. Mtafutie mumeo miadi kwa daktari wa macho, mwende na mfuko wa maua na vitunda auone. Chai akiruhusu, endeleeni. Kubonyeza nyusi taratibu, mimi nakuruhusu. Jumapili omba kipaza sauti, sema, "Nilishangilia mapema. Kichwa kimepona, macho bado yanataka miwani," kisha ukae. Watakaocheka watachoka.

Sadock amehatarisha roho yake ili wewe usiitwe muongo. Nawe huwezi kuvumilia kuitwa hivyo mara moja ili yeye aishi? Mwambie hayo leo, uso kwa uso. Na kesho asubuhi asipovaa miwani, asipewe ufunguo wa gari.

Dorothea