Neno Ulilolifukuza Tawini

Ni mwaka mmoja sasa tangu uingie chumba cha tawi la chama kupanga mabenchi ukiwa na homa, mtoto wetu, usitoke tena kwa miguu yako. Mabenchi yapo. Mengine yaliazimwa harusini hayajarudi, lakini yapo.

Hatujui tuanzie wapi, kwa hiyo tunaanzia kwenye mikono yako. Ulifanya kazi kwa yule dobi mkubwa anayefua mashuka ya hoteli, ukisimama kwenye mashine ya kupigia pasi, na mikono ikazoea moto hadi ikawa haishtuki. Mama yako akitafuta kitambaa cha kuipulia sufuria, wewe umeshaitua chini kwa vidole, unacheka. Alikuwa anakukemea. Ngozi ya mtu si ngozi ya kiatu, alikuwa anasema, na wewe unazidi kucheka.

Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja likakaa sawa, na wewe kukunja vibaya hukuweza, hata nyumbani. Ulimtupia pembe yeyote aliyekuwa karibu. Mgeni hajamaliza salamu, ameshashikishwa shuka. Mpaka leo baba yako akiona shuka linaanuliwa kambani hunyoosha mkono kupokea pembe, halafu huurudisha mfukoni.

Kwenye chama cha wajamaa uliingia kwa sababu ya glavu. Wanawake wa zamu yenu walikuwa wanaungua, wakaomba glavu mmoja mmoja, msimamizi akawaambia wapake mafuta. Akaja mtu wa chama akakaa nanyi nje ya geti mkila, akawaambia kaombeni wote kwa pamoja, siku moja, saa moja. Mkaomba. Glavu zikaja. Siku hiyo ulirudi nyumbani umezivaa, ukampa baba yako mkono kama mkubwa wa serikali, naye akasimama kwa heshima, tukacheka sote.

Wenzako walipata glavu, wakapotea. Wewe ulipata glavu, ukapata na tawi.

Mama yako hakulipenda tawi, na hajawahi kusema analipenda. Ulikuja na kibao cha mbao chenye jina la tawi, ukakilaza sebuleni rangi ikauke, watu tukawa tunapita kando kando na ukuta. Watu wakaanza kukuita Mama Tawi. Mama yako akasema sawa, wenzangu wana wajukuu wa kubeba mgongoni, mimi nimepata wa mbao. Ulicheka hadi ukakaa chini. Lakini yeye hakuwa anatania sana.

Makao makuu ya chama walitaka matawi mengi. Walipiga simu kuuliza yamefika mangapi, wala hawakuuliza ndani yake kuna nani. Ulifungua la mtaani kwetu, ukafungua la upande wa soko, ukafungua la kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kila lilipofunguliwa watu walijaa, wakapiga picha, wakashangilia. Mkutano wa pili walikuja nusu. Wa tatu mlikuja wewe na fundi viatu, yule mwenyekiti wenu mnayemwita Kisigino. Mama yako alipokuuliza mlizungumza nini watu wawili, ulimwambia mlifuata ajenda.

Hapo ndipo ulipotunga sheria yako. Ulisema tawi si kibao, tawi ni watu wanaojuana. Watu mnaitana ndugu, basi muwe ndugu kweli. Kila mkutano utataja ambao hawakuja, na kila anayetajwa lazima awepo mtu wa kueleza yuko wapi, anaumwa nini, amefukuzwa kazi au vipi. Na neno moja halitaingia mlangoni. Neno hilo ni "sijui." Atakayesema sijui kuhusu ndugu yake ataondoka hapo hapo akamtafute, mkutano umngoje.

Ilikuwa sheria nzuri. Hata mama yako aliyasikia ya mwanzo akaacha kunung'unika. Mama mmoja mfua nguo aliyekuwa amelala ndani na mguu umevimba alitembelewa, akapelekwa kutibiwa, akapona. Familia iliyotolewa vitu nje na mwenye nyumba ilikuta watu wa tawi wamekalia vitu hivyo barabarani, wanapiga soga, hawaondoki, mpaka mwenye nyumba akaona aibu. Siku hizo ulikuwa unarudi nyumbani unaimba.

Ila watu ni watu. Walichoka kutumwa. Wakagundua kwamba njia ya kutotumwa ni kujibu. Ukitaja jina, anasimama mtu haraka anasema yupo, hajambo, kabanwa na kazi, anawasalimu. Mnaendelea. Mama yako alikuja siku moja kukuletea mwavuli, akasimama mlangoni, akasikia mtu anajibu kwamba muuza mkaa wa mtaa wa nyuma hajambo na anawasalimu. Muuza mkaa alikuwa amehama na mke na watoto, na mlango wake ulikuwa na kufuli siku nyingi. Mama yako alikuwa anapita hapo kila akienda sokoni.

Njiani alikwambia. "Mwanangu, hao wanakujibu tu. Hawaendi."

Ukamshika bega. "Wanajifunza, mama. Leo wanajibu kwa mdomo, kesho watajibu kwa miguu."

Hiyo kesho hatujaiona.

Ulianza kwenda wewe. Kila jina lililojibiwa kwa mdomo ulilifuata mwenyewe baada ya zamu, nyumba kwa nyumba, ili mkutano mkuu wa matawi ukute watu. Mvua za mwaka jana unazijua. Ulirudi umelowa, ukakohoa, ukaenda tena. Mama yako alikuchemshia maji, akakusugua mgongo, akakwambia kesho usiende popote. Ulisema ndiyo mama. Asubuhi alikuta kitanda kimetandikwa, shuka limekunjwa vizuri, kona kwa kona. Hatujui ulilikunja na nani.

Yaliyofuata tunayaandika kama tulivyoambiwa, na tunaomba wasomaji wayasome polepole.

Ulianguka mchana, kati ya mabenchi, watu wakiwa wameanza kuingia. Walikubeba. Hapo hatuwasemi vibaya, walikubeba wenyewe kwa mikono hadi hospitali. Muuguzi akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Wakaitika wote, sisi. Akashangaa, akauliza wote? Wakasema wote. Basi hakuuliza kama una mama. Na kila mmoja wao akadhani mwenzake ameshamtuma mtu kumwita mama, kama ilivyokuwa desturi ya tawi.

Nyumbani kwetu si mbali na hospitali hiyo. Mama yako alikuwa kibarazani anachambua mchele.

Muuguzi akauliza tena, kuna dawa yoyote inayomdhuru huyu? Wewe ulikuwa husemi, umefumba macho. Wakatazamana. Kisigino, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, akasimama mbele akajibu kama alivyozoea kujibu. Akasema hakuna, mzima kabisa huyu.

Ulipokuwa mdogo, hata shule hujaanza, ulichomwa sindano ya kifua ukavimba uso na koo mpaka pumzi ikakata. Mama yako alikimbia na wewe kifuani. Daktari wa siku hizo alimwambia mama, sindano hii mtoto huyu asichomwe tena maishani mwake, usisahau. Hakusahau. Alikuwa anawaambia walimu, anawaambia mashangazi, aliwahi kumwambia hata kondakta wa basi mlipokuwa mnasafiri, ukamwonea aibu. Ulipokua mkubwa alikuachia useme mwenyewe. Kwa watu wa tawi hukusema. Kwenu mlizungumza mambo ya wengine.

Walikuchoma sindano hiyo. Mdogo wako alipopata habari saluni anakofanya kazi na kuja mbio kumchukua mama, mama aliondoka na ungo mkononi. Alifika nao wodini. Alipowauliza wamekupa nini, wakamwambia jina la dawa, aliuweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Hajui kwa nini alijali mchele.

Kwenye mazishi yako makao makuu walikuja. Walisema tawi litaitwa kwa jina lako. Walisema watakuenzi. Walitengeneza fulana zenye uso wako unatabasamu, wakazigawa bure, na siku hiyo watu walikuwa wengi kuliko mkutano wowote uliowahi kuuitisha. Tulikuwa tunawaza ungefurahi, halafu tukawaza ungeuliza mbona wale na wale hawakuja. Fulana mojawapo tumeiona juzi kwa waosha magari, inafuta kioo.

Tawi la soko sasa ni stoo ya viazi. La kule reli kibao chake kimekuwa mlango wa banda la kuku, na jina bado linasomeka kuku wakitoka. La mtaani linafunguliwa wiki kwa wiki. Wanakaa wachache. Wanataja majina. Wanajibu.

Kisigino anakuja nyumbani. Anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, anachukua viatu vyetu anavishona hata visivyotoboka. Baba yako anakaa naye, anamshikia uzi. Mama yako anampa chai. Siku moja tu Kisigino aliligusa jambo lile, akiwa ameinamia soli. "Mama, niliulizwa, nikajibu. Ningesema sijui, ningekuwa nani kwake?"

 Mama yako alimwongezea sukari, ambayo hakuomba.

Sasa watu wa tawi wanamtaka mdogo wako. Walikuja saluni, wakamkuta anasuka kichwa cha mtu, wakamweleza kwamba tawi linakufa, kwamba jina lako ni lake kulibeba, kwamba hakuna mwingine. Akakubali na chanuo mdomoni. Mama yako amemlilia, amemnunia, amekataa kula mbele yake. Baba yako kasema mtoto ni mtu mzima. Kaka yako kapiga simu kutoka safarini akasema mama, mwache, mambo aliyoyapigania dada hayajaisha, mashine zile bado zinaunguza watu. Ni kweli hayajaisha. Mama yako hajasema yameisha. Anasema tu kwamba mtoto aliyebaki nyumbani ni mmoja, na kifua chake ni kile kile. Sindano ile ilimvimbisha naye akiwa mchanga.

Kwa hiyo tangazo hili la kumbukumbu, mtoto wetu, tunakuandikia wewe, lakini tunataka lisomwe na wenye watoto walioko kwenye matawi na vyama na vikundi, popote walipo. Hatuwaambii muwatoe. Hamtawaweza, sisi hatukuweza. Tunawaambia hivi. Mwanao akiwa na watu wanaomwita ndugu, nenda ukawaone watu hao kwa macho, uwaambie dawa inayomdhuru, uwaambie nyumba yenu iko wapi. Na ninyi mnaoitana ndugu, mkiulizwa kitu msichokijua juu ya mwenzenu, semeni sijui. Semeni sijui, mkimbie mkamwite mama yake. Neno hilo lirudisheni ndani. Mtoto wetu alilifukuza kwa nia njema, na lingetamkwa pale hospitali siku ile, yeye angekuwa anatukunjia mashuka.

Mama yako alilipeleka neno hilo tawini mwenyewe. Alikwenda mwezi uliopita, akasimama mbele ya mabenchi, akawaeleza kila kitu, sindano, koo, pumzi. Walimsikiliza vizuri. Walimpigia makofi. Akawauliza mmenielewa? Wakaitika wote kwa pamoja, tumekuelewa, mama. Haraka haraka, kama wanaotaka kuendelea.

Jana mdogo wako alikuwa anavaa viatu mlangoni. Kulikuwa na wingu. Mama yako alimuuliza kama na yeye amewaambia kwa mdomo wake kuhusu sindano, mmoja mmoja, mpaka wale wapya.

"Nimewaambia, mama. Wote wanajua."

Alijibu bila kugeuka. Mama yako alimtazama mgongo mpaka kona, akijaribu kusikia tena ile sauti, kama ilikuwa ya mtu aliyewaambia au ya mtu anayejibu. Wewe ulikuwa unajibu hivyo hivyo. Ndiyo mama. Kesho siendi popote.

Unakumbukwa na baba yako, mlinzi mstaafu, ambaye bado anaamka saa za lindo na kuzunguka nyumba. Unakumbukwa na kaka yako wa malori, na mke wake, na mwanao wa kubatiza aliyeanza kuandika jina lako kwa mkono wa kushoto. Unakumbukwa na mashangazi zako wote wawili, na wanawake wa zamu yako kwa dobi, waliobaki na glavu. Unakumbukwa na mdogo wako, ambaye tunapoandika haya yuko tawini na hajarudi. Unakumbukwa na mama yako.

Kama atarudi mapema, hatujui. Kama waliosikia walisikia, hatujui. Kama ulitoka bure mvuani au si bure, hilo nalo hatujui, na tusikudanganye.

Kwamba hutatutoka moyoni maisha yetu yote, hilo tunalijua.