Moshi wa Jikoni kwa Mama Yako

Sanduku la Posta 417,
Kakamega.
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Gentrix,

Pokea salamu nyingi kutoka Shinyalu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile joto la Doha ulilokuwa ukililalamikia limeanza kupungua. Mgongo je? Uliniambia zamu za kusimama hotelini zinakuumiza. Na wenzako wa chumbani wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha kila alasiri, mahindi tunayaanika kwa kubahatisha, na ng'ombe wa marehemu mama yako amezaa ndama jike. Mimi ni yuleyule, ila nywele zinazidi kuniaga.

Utashangaa kwamba nimeandika kwa mkono wakati simu ipo. Kwa simu nimeyaandika maneno haya mara nyingi na kuyafuta. Sydney aliyekuja likizo anarudi huko Jumatano, nikaona heri nimpe karatasi, maana akishapanda ndege nayo sitaweza kumkimbilia.

Uliniuliza maswali kwa niaba ya wenzako wanaosoma hadithi zangu: nasoma nini, naandika saa ngapi, na maneno nayatoa wapi. Nilifurahi, nikajiona kumbe nami ni mtu wa kuulizwa. Nikaandika majibu ya kujikweza, kisha nikayachana. Haya hapa ndiyo ya kweli.

Kusoma, dada, nasoma ovyo. Watu hudhani mwandishi ana kabati zima la vitabu. Mimi nina rafu moja pale saiba, dukani kwangu pa kompyuta na kuchapa, na nusu yake imejaa wino wa mashine. Huazima vitabu maktaba ya mjini na kuvichelewesha, hata mama wa pale dirishani akiniona hunyoosha mkono kabla sijamsalimu. Nina tabia mbaya ya kuanza na ukurasa wa mwisho, nijue kama inafaa kuhangaika. Lakini zaidi nasoma vile watu wanavyoniletea niwachapie: barua za kuomba kazi, malalamiko ya mipaka, na wasifu wa marehemu. Hizo za marehemu hunijaa mezani kila Alhamisi, kwa kuwa mazishi mengi ni Ijumaa na Jumamosi. Wengi wanakuja na tarehe tu, nami nawajazia yaliyobaki.

Kuandika, naandika alfajiri kabla ya kufungua duka, nyuma ya karatasi ambazo mashine imeziharibu. Nikimaliza ukurasa nausoma kwa sauti, na mke wangu Abigail akipita huuliza kama nina wageni. Kitabu kikiisha nakichapa mwenyewe, nakipiga pini mwenyewe, na siku ya soko nakiuza mwenyewe Lubao, nikiwa nimekaa na wauza kuku. Sina mhariri wa kunikanya. Zamani niliona huo ndio uhuru.

Na maneno nayatoa wapi? Hapo ndipo aibu inapoanza. Mimi huanza na mtu ninayemjua, kisha namsaidia kidogo. Aliye mchoyo namwongezea siku moja ya ukarimu. Waliokosana nawakutanisha kisimani. Wasomaji hupenda hivyo, nami napenda kupendwa. Mkono umezoea, siku hizi hauniombi hata ruhusa.

Sasa ngoja nikuambie lililonitoa usingizini.

Mama yako alipofariki mlinipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na kwa kuwa alikuwa senje wangu, dada wa baba yangu. Wewe ulifuatilia mazishi kwa simu, ukasikia nikisoma kwamba kila asubuhi Rachael alisimama mlangoni pa jikoni akitazama ng'ambo ya kijito, na hakuweka chai motoni mpaka aone moshi wa mdogo wake Zipporah. Juzi umeniandikia kwamba hukujua mama alikuwa amemsamehe mama mdogo, kwamba maneno hayo ndiyo yanayokutuliza huko ugenini, na kwamba niyapeleke kwa fundi ayachonge kwenye jiwe la kaburi.

Gentrix, niliyatunga. Mama yako hakusimama mlangoni hata siku moja kutazama moshi wa mtu.

Tangu senje Zipporah akose matanga ya baba yako kwa kwenda kwenye harusi Eldoret, hawakuwahi kusemezana. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba ulipokwisha kuondoka, mama yako alimwita fundi akaziba mlango wa jikoni na kufungua mwingine upande wa shamba la majani chai, ili akipika asione boma la mdogo wake. Hata angetaka kutazama, hapakuwa na mlango wa kutazamia. Mimi nilijua vizuri, kwa sababu matofali ya kuziba niliyabeba mimi.

Watu wote waliokuwa matangani wanaujua mlango ule, na wote waliitikia amina. Senje Zipporah aliinamisha kichwa. Nikasema moyoni, nimewapatanisha, nikarudi kuketi nikiwa nimevimba kifua. Nikikumbuka kifua kile natamani ardhi inifiche. Nilimpa mama yako moyo ambao hakunituma nimpe, nikakuacha wewe unalilia mtu wa hadithi zangu.

Ijumaa, badala ya kwenda kwa fundi, nilivuka kijito nikaenda kwa senje Zipporah. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nilizunguka na mambo ya mvua na ndama, mpaka akaniuliza kama nimetumwa au nimekuja. Nikamwambia kwamba yale niliyosoma matangani hayakuwa kweli.

Hakuinua macho. Akasema, "Jairus, huo mlango mi niliona fundi akiuziba. Unafikiri mi ni kipofu?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakunikemea.

"Ningekukemea aje na mimi nilikuwa nimeshikwa na aibu? Mi ndio nilikuwanga naangalia moshi yake. Kila asubuhi. Nikiiona imetoka, najua ameamka, naenda kukamua. Siku ile ukisoma, nilisema huyu kijana ameniona, na sasa anaficha aibu yangu kwa jina ya Rachael."

Kisha akanipa ungo, nikachambua maharagwe naye, na hapo ndipo aliponieleza lililobaki.

Unakumbuka mama yako alipoanguka jikoni, yule Lusweti wa bodaboda akamkuta na kumkimbiza hospitali? Sote tulisema alipita tu kwa bahati. Nami nilimwandika hivyohivyo kwenye wasifu, mpita njia aliyetumwa na Mungu, na mstari huo niliuonea fahari. Lusweti hakupita. Senje Zipporah hakuuona moshi asubuhi ile, akampigia, akamsihi asimtaje. Zile siku ulizozungumza na mama yako akiwa wodini, ni yeye aliyekupatia. Mimi ninayejiita mtu wa kuona watu nimeishi kati ya maboma hayo mawili miaka yote, na hilo halikunipitia hata kichwani.

Kwa hiyo fundi nimemwambia achonge jina na miaka peke yake, na chini aache nafasi. Nikiwa narudi nyumbani, sentensi ya kujaza ile nafasi ilianza kujipanga yenyewe kichwani, na nzuri kweli. Nimeifukuza. Utakachosema wewe ndicho kitakachoandikwa, na ukisema pabaki patupu, patabaki.

Nimebakiwa na jambo moja la kukuungamia. Leo asubuhi, badala ya kukaa na karatasi zangu, niliingia jikoni kwa mama yako nikawasha moto. Kuni zilikuwa na unyevu, moshi ukawa mwingi, nikatoka nje nikikohoa, nikazunguka hadi upande wa kijito. Ng'ambo, senje Zipporah alikuwa amesimama mlangoni pake na ndoo ya maziwa. Alikaa akitazama, halafu akaenda kukamua. Sijui kama huo nao ni uongo wangu mwingine. Kesho nitauwasha tena, mpaka uniambie niache.

Nisalimie wenzako wa chumbani, na usiwafiche haya. Abigail anakusalimu sana, na Lusweti pia, ambaye sasa hanitazami usoni kwa sababu anajua najua. Senje Zipporah hakunituma salamu. Alisema atakupa mwenyewe Desemba ukija, ukikubali kuvuka kijito.

Mungu akulinde kazini, na akupe moyo mpana kuliko huu niliokutungia.

Ni mimi nduguyo akupendaye, mwenye aibu,

Jairus