Sauti Iliyopita Juu ya Paa Lako

Kabiria, Nairobi

Kwako dada yangu Wakesho,

Sijafa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo uliloniuliza kwenye barua yako, tena kabla ya salamu. Mgongo unauma asubuhi na macho yanadai miwani mpya, lakini nipo, nakula, nasoma, nabishana. Wewe je? Kifua kimetulia tangu ukungu uanze kushuka huko mlimani? Na yule mbuzi wako mwenye kiburi, amezaa?

Unasema Jumapili tatu umewasha redio ya marehemu shemeji, ukaitega mahali pa siku zote, na hukunisikia. Hukukosea. Nilikuwa hewani, nikiongea na Salim wa Mombasa kuhusu mvua na magoti yake. Unajua sheria hainiruhusu kukuita wewe usiye na leseni, wala wewe huwezi kunijibu. Ndiyo maana miaka hii yote nimekuwa nikimwambia Salim habari zisizomhusu, ili wewe uzisikie. Anajua, na anavumilia.

Kilichotokea ni hiki. Chama chetu cha redio za ridhaa, pale Muthangari, kimepata mwenyekiti mpya, Injinia Njoroge, mtu mwenye adabu na shahada mbili. Alisimamisha mlingoti mrefu nyuma ya chumba cha mikutano, akapandisha antena mpya juu kabisa, kisha akaushusha ule waya wangu niliokuwa nimeufunga kati ya mkaratusi na banda la kuku. Tangu siku hiyo Ulaya wanatusikia ajabu. Nyumbani ndiko kumekuwa kimya.

Jumamosi nilikwenda na barua yako mkutanoni, nikaisoma mbele ya wote, isipokuwa pale uliponiita mzembe.

“Mwalimu, na heshima yako,” Injinia akasema, “hiyo waya ilikuwa kamba ya kuanika nguo. Antena ikiwa chini hivyo, nguvu yote inaenda juu tu.”

“Inaenda juu, ndiyo. Kisha anga inairudisha. Ukielekeza mpira wa maji juu, maji yanamwangukia nani? Wewe na walio karibu nawe. Ya kwako inaruka mbali. Inapita juu ya paa la dada yangu bila kubisha hodi.”

“Hii kitu tulisoma chuo kikuu. Kwani cheti yako ni ya lini?”

“Ni ya zamani kuliko wewe. Lakini sijasikia kwamba anga imebadilishwa tangu nifaulu.”

Watu walicheka, naye akacheka. Nisimwonee: kwa nchi za mbali hesabu zake ni sahihi, na nilimwambia hivyo. Nilichomuuliza ni hiki: tumejenga mlingoti ili tuongee na nani? Mimi niliondoka huko sina hata ndevu, na nimezeekea katika mji huu. Wageni wa Ulaya sina haja nao. Nataka kusikika kilima kimoja tu.

“Pengine ni betri,” akasema. “Ama masikio. Huyo shosho dada yako ako na miaka mingapi?”

“Masikio hayo yalikuwa yakisikia nikifungua kopo la sukari, na yeye yuko kisimani.”

“Basi tumuulize Salim.”

Tukamwita Salim hapo hapo. Akajibu, “Tano tisa!” Hizo ndizo alama za juu kabisa: tano ya kusikika wazi, tisa ya nguvu. Siku hizi tunapeana alama hizo kwa adabu, kama mgeni anavyosifu chakula kabla hajaonja. Baada ya kumpa Injinia tano tisa yake, Salim akamwomba arudie jina, kwa kuwa hakulisikia.

Bi Mutindi, mhasibu wa Kileleshwa anayetutunzia hazina, alicheka hadi akavua miwani. “Na huyo ndiye shahidi yenu? Tafuteni mtu hana adabu!”

“Ninaye,” nikasema.

Ni wewe, dada. Niliwaeleza kwamba siku niliyorudi nyumbani na cheti cha ualimu, mama akilia kwa furaha, wewe ulisema koti halinikai. Injinia akauliza una cheti gani. Nikamwambia huna, na kwamba hutampa alama ya bure, wala mimi hutanipa. Akakubali uwe mwamuzi.

Basi, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, ukishatoka kanisani, saa nane mchana, washa redio. Waya wangu umerudishwa kwa siku hiyo. Nitamwambia Salim maneno yale yale mara mbili, mara moja kwa kila antena: “waya wa kwanza,” halafu “waya wa pili.” Bi Mutindi atarusha sarafu kuamua antena ipi itangulie, kwa hiyo sasa hivi hata mimi siwezi kukunong’oneza. Itakayoshindwa itashushwa moja kwa moja. Ikiwa ni yangu, hutanisikia tena. Hapa Kabiria nyaya za umeme zimebanana hivi kwamba redio inasikia mashine ya kuchomelea ya jirani tu.

Walinishauri niombe waya urudishwe kabisa, bila jaribio, kwa sababu mimi ni mzee wao. Nilikataa. Sitaki waya wa huruma. Nataka waya unaofika, na kama haufiki nitaupanda mkaratusi mwenyewe niufungue, wanizuie wakiweza.

Kwa hiyo usikisie, na usinipendelee. Andika ulichosikia. Kama ni mkwaruzo, andika mkwaruzo. Kama ni kimya, andika kimya.

Nisalimie binti yako mkubwa, mwalimu wa chekechea, na umwambie simu ni nzuri lakini mtandao unaishia kwenye kilima cha kanisa. Nisalimie pia mjane wa kaka yetu, na jirani yako mchungaji mstaafu. Akipewa mimbari siku hiyo, ibada isivuke saa nane.

Ni mimi ndugu yako, ambaye hajafa,

Mwadime