Umekatika, Si Umekatwa

Steshenari ya Kona,
Mkabala na Kinyozi,
S.L.P. 212.

Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, nzito kuliko bahasha yenyewe. U hali gani huko juu ya maji? Mgongo je, ule uliosema unakuuma kila ukiinamia kazi? Unakula vizuri, au bado unakunywa chai kavu halafu unatudanganya kuwa umeshiba? Sisi hapa hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida yake, ila ulimi hauna tatizo lolote. Binti yako mzima, na habari zake ndizo zilizonikalisha kitako kuandika. Vumilia, nitazifikia kwa mpango wangu. Mimi ndiye dada mkubwa na kalamu ninayo mimi.

Usishangae kupata karatasi. Leo ni siku ya kumi na moja mtandao haupo. Simu za humu nchini zinasikika kwa kukohoa, za nje hazipiti kabisa. Ofisi ya wakala wa meli yenu wameniambia chombo cha kuwapelekea maji na chakula kinaondoka Jumatatu, nikamwomba karani wao aibebe barua hii. Amekubali baada ya kunitazama usoni na kuona kwamba sina mpango wa kuondoka.

Siku ya kwanza redio ilisema mkonga wa mawasiliano umekatika chini ya bahari. Mama akauliza ni tembo gani huyo anayetembea baharini. Nikamweleza kuwa mkonga huu ni waya mnene, ule ule unaoungwa na mwanawe. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake nikamsikia akiomba, amekutaja wewe, amemtaja mjukuu wake, halafu akamwombea na yule tembo apone. Nimemwacha. Dua haiozi.

Mtaani nako, penye wengi pana mengi. Muuza matunda anasema ni papa ameung'ata, na anaonyesha urefu wa meno kwa ndizi. Dereva wa pikipiki anasema ni manowari ya taifa kubwa, ameambiwa na abiria ambaye hakumuuliza jina. Mshona viatu yeye ana hakika kuwa wakubwa wameuzima wenyewe ili watu walale mapema. Mwalimu mstaafu alisema huenda ni tetemeko la ardhi au nanga ya meli. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu tetemeko halikamatwi.

Mimi nilikuwa nawacheka wote. Sasa nisome vizuri, maana hapa ndipo nilipokukosea.

Siku ya tatu Mwenyekiti wa mtaa aliniletea tangazo nilichape. Unaujua mwandiko wake, utadhani sisimizi wamekanyaga wino. Alikuwa ameandika kwamba wananchi wanajulishwa kuwa mkonga umekatika, wawe watulivu. Nikakaa kwenye kompyuta, lakini sikio langu lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa Kinyozi, ambako walikuwa wakibishana kwa kelele nani kakata, nani kakata. Vidole vikaandika kile sikio lilichosikia. Nikaandika: mkonga umekatwa.

Nikatoa nakala thelathini. Mwenyekiti akagonga muhuri zote bila kusoma hata moja, akaenda kubandika: zahanati, kisimani, getini kwa shule, ukutani kwa fundi cherehani. Mimi mwenyewe nilimsaidia kukata karatasi ya gundi.

Wewe uliacha shule mapema lakini Kiswahili hukukiacha, kwa hiyo unajua tofauti. Kikombe kikivunjika, tunafagia. Kikombe kikivunjwa, tunatafuta mtu. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa unatafuta mtu, tena kwa muhuri wa ofisi.

Walianza na muuza vyuma chakavu kwa sababu ana mizunguko ya waya nyuma ya nyumba. Wakaikagua, wakakuta ni waya wa kuanikia nguo. Hapo ndipo Kinyozi alipotoa hekima yake. Nimeletewa na watu watatu, na wote wamenukuu sawasawa: “Mtu akikwambia gurudumu limepata pancha, muulize kwanza nani anaziba pancha.” Kisha akageuza shingo akatazama steshenari yangu. Wote wanajua kwamba wewe, mdogo wangu, unafanya kazi kwenye meli ya kuunga mkonga.

Mdogo wangu, ulimi hauna mfupa. Kwa siku mbili ukawa wewe ndiye uliyeshuka na msumeno ili upate kazi. Wateja wakapungua, hilo nalimudu. Lililoniuma ni binti yako. Alikwenda kisimani na ndoo mbili, akarudi na ndoo tupu na jina jipya. Wamemwita Binti Mkasi. Nilitaka kutoka niwaambie kwamba mtaa huu wenye mkasi ni Kinyozi peke yake, lakini yeye akanishika mkono akasema niache.

Unakumbuka kwamba huu ndio mwaka wake. Tangu wifi yangu atutoke, miaka minne sasa, mtoto huyu hajawahi kutaja kazi nyingine zaidi ya uuguzi. Fomu ya chuo tuliichukua kwenye mtandao wiki moja kabla haujakatika, tukaichapa, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri. Kilichobaki kilikuwa kuirudisha kwa mtandao huo huo kabla ya jana, Ijumaa, saa kumi jioni. Kila mtu alisema wataongeza muda, hawana budi kuongeza muda. Aliyeambiwa na chuo sikumwona.

Jumanne nikamkuta ameiweka fomu chini ya godoro. Akasema atajaribu mwakani. Nikamuuliza kwa nini. Akachezea ncha ya khanga yangu kama alivyokuwa akifanya utotoni, halafu akaniuliza, “Shangazi, kwani baba hufurahi mkonga ukikatika?”

Nilijisikia vibaya, sitakuficha. Si kwa sababu ya swali, bali kwa sababu mimi ndiye niliyelichapa na kulitoa nakala thelathini. Nikamwambia, “Na muuguzi hufurahi mtu akiumia?”  Akaitoa fomu chini ya godoro, akaiweka juu ya meza, akaanza kuinyoosha kwa kiganja.

Nikasema basi. Sisubiri papa, sisubiri manowari, sisubiri kuongezewa muda na watu ambao hawajasema wataongeza; Ijumaa fomu naipeleka chuoni mwenyewe. Kuteleza si kuanguka, lakini aliyeteleza anapaswa kufuta mahali alipomwaga maji.

Jumatano asubuhi nikavuka barabara. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, na wengine wanne kwenye benchi. Nikaweka mbele yao ule mwandiko wa Mwenyekiti na tangazo langu. Nikawaambia wasome kwa sauti. Mshona viatu akasoma cha kwanza, umekatika. Akasoma cha pili, umekatwa. Akarudia mara mbili, kisha akanitazama.

“Aliyekata ni mimi,” nikawaambia. “Nimekata kwa vidole hivi, hapo dukani kwangu, mkiwa mnanipigia kelele.”

Kinyozi akaniuliza kama nina hakika basi kwamba hakuna aliyeukata kule chini. Nikamwambia sijui, na yeye hajui, na redio imesema hata wataalamu bado hawajajua. Anayeweza kujua ni yule aliye juu yake sasa hivi, akiutoa matopeni, naye ni mdogo wangu. Mwingine akasema hata silabi huweza kuhongwa, akimaanisha nimebadilisha neno ili kukukinga wewe. Nilikuwa na jibu lake, tena kali, lakini mteja wa kitini akawahi: “Jamani, bishaneni, ila mnimalizie kichwa kwanza!” Wakacheka, nami nikatoka wakiwa bado wanacheka, maana mwenye kucheka hupunguza hasira.

Siku hiyo nikazunguka mtaa mzima nikabandua karatasi zote, nikabandika nyingine iliyosahihishwa, na chini nikaandika: kosa ni la mchapaji. Mwenyekiti alinuna. Akasema ofisi haikosei. Nikamwambia ofisi haikosei kwa sababu haisomi. Hatujasalimiana tangu siku hiyo, ila atakuja, hakuna mwingine anayeweza kuusoma mwandiko wake.

Sikwambii kwamba wote waliamini. Wengine bado wananitazama kwa pembe ya jicho. Lakini Alhamisi mchana Kinyozi alivuka barabara. Hakuniomba radhi. Aliweka fomu ya bintiye wa kwanza juu ya kaunta, imekunjwa mara nne, akasema amesikia kesho naenda chuoni kwa miguu yangu. Nikamwambia nitakwenda kwa basi, miguu naitunza. Akacheka kidogo, akaondoka. Kufikia jioni nilikuwa na fomu kumi na moja kwenye bahasha, na ya binti yako juu.

Jana tukaondoka, mimi, yeye na huyo binti wa Kinyozi. Waliketi pamoja njia nzima bila kusemezana, kisha nikaona wanagawana karanga. Chuoni tulifika saa saba. Karani wa mapokezi, kijana nadhifu mwenye tai, akasema wanapokea kwa mfumo tu.

“Mfumo uko wapi?” nikamuuliza.

“Haupo, mama.”

“Basi tupokee sisi tuliopo.”

Akasema hana mamlaka. Nikamwambia vizuri, nami sina haraka, nikavuta kiti. Nimekaa hapo saa moja na nusu, kila anayepita namwamkia na kumweleza shida yangu toka mwanzo, na papa nikamtia ndani. Saa tisa kasoro akatoka Msajili mwenyewe, mama mnene mwenye miwani juu ya paji la uso, akauliza ni nani anayehutubia korido yake. Nikamkabidhi bahasha kwa mikono miwili.

Akazipitia fomu moja moja akiwa amesimama. Ya kwanza akairudisha. Ilikuwa ya binti yako. Akasema kuna mahali pameachwa wazi: kazi ya mzazi.

Mimi nilikuwa sijapaona. Nilidhani aliijaza yote. Nilielewa pale pale kwa nini alipaacha, na sasa binti wa Kinyozi alikuwa amesimama pembeni yake. Nikataka kusema mimi. Nimezoea kusema. Lakini yeye alishaomba kalamu. Akaandika taratibu juu ya kaunta, na karani aliponyoosha shingo kutaka kujua ameandika nini, akamsomea kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia: “Baba yangu ni fundi wa kuunga mkonga wa baharini. Hajaukata. Yuko huko anauunga.”

Msajili akaitazama kompyuta ya mapokezi iliyolala mezani, akamtazama mtoto. “Kumbe ndiye tunayemsubiri,” akasema. Akafungua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula, akamwandika wa kwanza. Muhuri umegongwa saa tisa na robo. Zote kumi na moja zimepokelewa. Nililia, mdogo wangu. Nilijifanya nimeingiwa na vumbi, lakini pale pamepigwa deki mpaka panang'aa.

Kwa hiyo kwanza nakuomba radhi kwa kulichafua jina lako. Nililichafua kwa maandishi na ninakuomba radhi kwa maandishi. Pili, hapa watu wananipa ujumbe nikuambie ufanye haraka. Siuleti. Unga kwa utulivu, kagua mara mbili, usimwache mtu akuharakishe mikono ikiwa na maji. Mtandao ukichelewa siku mbili hatufi.

Tatu, na hili si ombi. Fomu kupokelewa si kupata nafasi. Usaili ni tarehe sita mwezi ujao, na karatasi waliyotupa imeandikwa wazi kwamba mwombaji afike na mzazi. Nilimuuliza Msajili kama shangazi anatosha. Akasema anatosha, ikiwa mzazi hayupo duniani. Binti yako akawahi kumjibu kabla sijafungua mdomo. Akasema, “Yupo. Atakuja.”

Hakuniuliza mimi. Hakukuuliza wewe. Amesema mbele ya mashahidi. Miaka minne umemtumia sauti yako kwenye simu, nami nimemlea na sijachoka, ila safari hii anahitaji miguu yako imesimama kwenye ile korido. Ukimaliza kuunga, shuka. Bosi wako akikunyima ruhusa, nipe jina lake na anwani, nimwandikie na yeye. Safari hii nitasoma kabla ya kuchapa.

Mama anakusalimu sana, anasema ule chakula cha moto. Mwalimu mstaafu anakusalimu. Kinyozi naye ameniambia, eti kama naandika, nikusalimie, nimemwandika, usinicheke. Nisalimie wenzako wote wa melini, hasa yule mpishi unayemsifia.

Mungu azishike mikono yako kila uishikapo kazi, awatulizie maji, na akurudishe kwetu kabla ya tarehe sita.

Ni mimi dada yako, nikupendaye mtandao uwepo usiwepo,

Mchapaji wa Kona.